Kutembea kando ya Regent's Canal, London: alama za farasi, kamba na makaa ya mawe (uzi maalumu)

#1 Kambangumu

Wakuu, kila mtu akiuliza London atembee wapi bila kulipa kiingilio, anajibiwa "Regent's Canal", kisha anarushiwa picha za maboti yenye maua juu ya paa. Sawa, maua yapo. Ila njia ile haikujengwa kwa matembezi. Ilikuwa barabara ya kazi, ya farasi wanaovuta matishari, na alama za kazi hiyo bado zipo ukijua pa kutazama. Uzi huu ni wa alama hizo. Picha za maua tafuteni kwingine.

Kwanza vipimo. Mfereji una kilomita 13.8, kutoka Little Venice karibu na Paddington hadi bwawa la Limehouse linalofungukia mto Thames. Bunge lilipitisha sheria yake 1812. Kipande cha kwanza, hadi Camden, kilifunguliwa Agosti 1816. Kilichobaki Agosti 1820. Mhandisi alikuwa James Morgan, na msanifu John Nash alikuwa miongoni mwa waliousukuma mradi kwa sababu ulipita kwenye Regent's Park aliyokuwa akiipanga. Gharama ilifika pauni 772,000, mara mbili ya makadirio. Katikati ya ujenzi, 1815, ikagundulika kuwa Thomas Homer, mtu yuleyule aliyeleta wazo la mfereji, alikuwa anakula fedha za kampuni. Alihukumiwa kupelekwa uhamishoni miaka 7. Kwa hiyo msidhani mambo haya yalianzia kwetu.

Kutoka juu hadi chini maji yanashuka mita 26, kwa loki 12. Loki ni chumba cha maji chenye milango pande mbili, cha kupandishia na kushushia chombo. Naamini kuna fundi humu ataeleza vizuri zaidi.

Njia yenyewe sasa. Shuka stesheni ya Warwick Avenue. Ukifika majini utakuta njia ya kando ya Blomfield Road ina geti, maana pale ni maegesho ya watu wanaoishi ndani ya maboti. Usigombane na geti. Pita barabarani juu hadi Edgware Road, ambako mfereji unazama chini ya ardhi. Handaki hilo, Maida Hill, lina mita 249 na halina njia ya miguu. Vuka Edgware Road, shika Aberdeen Place, mwisho wake kuna ngazi zinazokurudisha kwenye maji. Kuanzia hapo unafuata ukingo bila kutoka mpaka Islington.

Kituo cha kwanza cha maana ni daraja la Macclesfield, kaskazini mwa Regent's Park. Linabebwa na nguzo nene za chuma cha kalibu, na ukitazama juu utaona jina la waliozimimina, Coalbrookdale. Pitisha kidole kwenye nguzo upande wa maji: kuna mifereji midogo iliyochimbika ndani ya chuma, mingine kidole kinazama. Hiyo ni kazi ya kamba. Halafu zunguka nyuma ya nguzo, upande ambao kamba haiwezi kufika. Utakuta mifereji hiyohiyo.

Sababu yake: alfajiri ya 2 Oktoba 1874 msafara wa matishari sita ulikuwa ukivutwa na mashua ya mvuke. Moja, jina lake Tilbury, lilipakia sukari, njugu, kahawa, mapipa machache ya petroli na baruti kama tani 5. Mvuke wa mafuta ulipata moto, na tishari likalipuka likiwa chini kabisa ya daraja. Watu watatu waliokuwa ndani walikufa, daraja likaanguka. Nguzo zilipona. Walipojenga upya walizigeuza, upande uliolika ukawa nyuma, kamba zikaanza kula upande mpya. Yaani nguzo moja ina kumbukumbu mbili: ya kabla ya 1874 upande wa nyuma, ya baada yake upande wa mbele.

Karibuni, ongezeeni.

#2 Mchele_Mmoja

Mkuu, kamba kukata chuma? Hapo umenipoteza. Kamba za magati ya Mombasa zinasugua chuma miaka na miaka, inayokatika ni kamba.

#3 Kambangumu

@Mchele_Mmoja swali zuri. Kamba peke yake haikati. Fuata mzunguko wake: kamba ya kuvutia ni ya pamba, ndefu, farasi akilegea inadondoka kwenye njia au majini, inaokota mchanga. Farasi akikaza, kamba yenye mchanga inapita kwenye kona ya daraja ikiwa imebanwa na uzito wa tishari zima. Hapo haiwi kamba tena, ni msasa mrefu. Kamba inalika, ndiyo, na inabadilishwa. Nguzo haibadilishwi. Zidisha kwa vyombo vya kila siku, kwa miaka zaidi ya 130.

Na mfereji huo mdogo wa kamba huchimbika pale tu njia inapopinda. Chini ya daraja lililonyooka hukuti kitu. Kwa hiyo ukiona alama, simama, tazama farasi alikuwa anatokea wapi. Kona yenyewe itakuonyesha.

Kwenye madaraja ya matofali walipachika vipande vya chuma pembeni ili kamba isile ukuta. Vipande hivyo ndivyo vyenye alama nzuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, kulika.

#4 Fundi_Milango

Nimeitwa. Naeleza loki kwa mpangilio wa kazi, chombo kikishuka, kama pale Hampstead Road Lock, Camden.

Sehemu kwanza. Milango ya juu na ya chini, kila mmoja una mbawa mbili zinazokutana kwa pembe kama paa la nyumba, ncha ikielekea upande wenye maji ya juu. Maji yenyewe ndiyo yanayoibana milango. Kila ubawa una boriti ndefu ya kusukumia kwa makalio, si kwa mikono. Chini kuna vilango vidogo vinavyoinuliwa kwa fito la meno, na unalizungusha kwa mkono wa chuma wa kuchomeka, wenye umbo la L. Fito lina ulimi unaoingia kwenye meno ili kilango kisianguke. Ndani ya chumba, chini ya milango ya juu, kuna kizingiti cha jiwe kilichotokeza. Kumbukeni kizingiti.

Kazi:

Chumba kijae kwanza. Kama ni kitupu, hakikisha milango na vilango vya chini vimefungwa, kisha inua vilango vya juu taratibu. Maji yakilingana, fungua mlango wa juu, ingiza chombo, funga, shusha vilango vya juu. Usivisahau. Kilango cha juu kikibaki wazi unajaza na kumwaga kwa wakati mmoja, unabaki unashangaa kwa nini maji hayashuki.

Sogeza chombo mbele, tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) ipite alama nyeupe iliyochorwa ukingoni. Alama hiyo inaonyesha kizingiti kinaishia wapi.

Inua vilango vya chini nusu, tazama chombo, kisha malizia. Kamba zungusha kwenye nguzo ya ukingoni, mkononi ubaki na ncha, lakini usifunge fundo. Maji yakilingana na ya nje, fungua milango, toka, funga, shusha kila kitu.

Yanayoharibika ni mawili makubwa. La kwanza ni tezi kukaa juu ya kizingiti wakati maji yanashuka. Omo (sehemu ya mbele) inazama, tezi inaning'inia, chombo kinajaa maji ndani ya muda mfupi sana. Dawa ni moja: shusha vilango vya chini mara moja, hakikisha vimefunga, ndipo ufungue vya juu polepole ili maji yarudi. Ukianza kuvuta kamba au kumpigia mtu kelele umechelewa. La pili ni kamba iliyofungwa fundo: maji yanashuka, chombo kinabaki kimening'inia upande mmoja. Ndiyo maana baharia wa mifereji ana kisu karibu.

Na usiachie mkono wa chuma ukiwa kwenye fito bila ulimi kushika. Kilango kikianguka, ule mkono unazunguka kama pangaboi, unavunja kiganja au unaruka usoni.

Anayetembea tu na asiye na chombo: usisimame katika robo duara ambayo boriti inapita. Utaijua kwa matofali yaliyoinuka ardhini, ya kukanyagia wasukumaji.

#5 Mchele_Mmoja

Fundi umetisha. Sasa kwa nini usifungue mlango kwa nguvu tu kabla maji hayajalingana, mkiwa watu wanne?

#6 Fundi_Milango

Piga hesabu. Kushuka kwa wastani ni mita 26 gawanya kwa 12, yaani mita 2.2 hivi. Ubawa mmoja una upana kama mita 2.4. Tofauti hiyo ya maji, pamoja na kina kilicho chini yake, inasukuma ubawa mmoja kwa zaidi ya tani 10. Leta watu wanne, leta na farasi. Ila tofauti ikibaki kama unene wa kidole, mtu mmoja aliyeegemea boriti ataona mlango unaanza wenyewe. Subira ndiyo kifaa kikuu cha loki.

Hesabu nyingine, ya maji. Chumba cha urefu wa mita 24, upana 4.4, kushuka 2.2: mita za ujazo 230 hivi kila loki inapomwagwa. Lita laki mbili na thelathini elfu kwa kupitisha chombo kimoja, au mashua mbili nyembamba zikikaa ubavu kwa ubavu, maana moja ina upana wa mita 2.1 tu. Maji hayo yanatoka wapi? Ndiyo iliyokuwa shida kubwa ya kampuni. Walijenga bwawa kwenye mto Brent, kaskazini-magharibi mwa jiji, likakamilika 1835, watu hulijua kwa jina la Welsh Harp. Kazi yake ilikuwa kulisha mfereji.

Ndiyo maana pia loki zote 12 zilijengwa pacha, vyumba viwili sambamba. Foleni inapungua, na kimoja kikimwagwa unaweza kupeleka nusu ya maji kwenye mwenzake badala ya kuyapoteza yote. Camden, Hampstead Road, ndipo pekee pacha wote wawili bado wanafanya kazi. Kwingine chumba cha pili kimegeuzwa kuwa maporomoko ya kumwagia maji ya ziada. Watu hudhani ni pambo. Tazama kuta zake: ni kuta za loki, milango tu haipo.

#7 Relini

Fundi umegusa Camden bila kutaja reli, naomba nipite. Watu husema reli iliua mifereji. Kwa Regent's Canal picha si hiyo tu, kwa sababu mfereji ulifika kwanza, na kila kampuni ya reli iliyokuja kutoka kaskazini ikaukuta umelala njiani. Ukitembea kutoka Camden hadi King's Cross, mwendo usiofika saa moja, unaona majibu matatu tofauti ya swali moja: utauvukaje?

London and Birmingham Railway, 1837, ilipita juu. Matokeo yake reli kutoka stesheni ya Euston ililazimika kupanda mteremko mkali kufika usawa wa daraja la Camden. Hadi 1844 treni zilivutwa juu kwa kamba ndefu na injini za mvuke zilizosimama mahali pamoja. Reli ya kisasa kabisa ya wakati wake, inavutwa kwa kamba, kisa mfereji.

Great Northern, King's Cross, 1852, ilipita chini. Ukitoka stesheni treni inazama mara moja kwenye handaki liitwalo Gasworks. Juu ya kichwa chako ni maji.

Midland, St Pancras, 1868, ilipita juu tena, lakini haikutaka mteremko wa Euston. Mhandisi William Barlow akaacha reli ibaki juu mpaka ndani ya stesheni. Ndiyo sababu majukwaa ya St Pancras yako ghorofani. Chini ya majukwaa pakawa ghala la bia kutoka Burton, na nafasi kati ya nguzo za chuma ilipimwa kwa kipimo cha mapipa. Abiria wa treni za Paris leo wanakaguliwa pasipoti humohumo kwenye ghala la bia. Ukubwa wa pipa na usawa wa mfereji ndivyo vilivyochora stesheni ile.

Tena reli na mfereji zilifanya kazi pamoja. Camden kuna jengo kubwa la matofali, Interchange, na chini yake kidimbwi. Tishari liliingia chini ya jengo, mzigo ukapandishwa kwa winchi, juu ukapakiwa kwenye mabehewa au mikokoteni. Njia ya farasi inapita juu ya mlango wa kidimbwi kwa daraja lenye nundu. Wengi hupiga picha nundu, hawachungulii gizani pembeni yake.

Pale King's Cross, Granary Square yenye chemchemi zinazorukwa na watoto palikuwa kidimbwi cha maboti. Ghala la nafaka nyuma yake ni la 1852, la Lewis Cubitt, na maji yaliingia hadi chini ya jengo. Coal Drops, yenye maduka ya bei mbaya sasa, ilikuwa mahali ambapo mabehewa yalipita juu, yakafunguliwa tumbo, makaa yakaanguka kwenye masanduku ya ghorofa ya chini, mikokoteni ikabeba. Jina limebaki, vumbi limeondoka.

#8 BintiGati

Nimesoma yote, ni mazuri, ila nina ugomvi na #1. Mnaanzia upande usiofaa.

Mkianzia Little Venice mnafuata maji. Mzigo haukufuata maji. Wingi wa mzigo wa mfereji huu uliingilia Limehouse: makaa ya mawe kwa meli kutoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mbao, barafu. Meli iliingia kwenye bwawa, ikapakua kwenye matishari, matishari yakapanda loki kuelekea magharibi. Viwanda vya gesi vya Haggerston na St Pancras vilikaa ukingoni kwa sababu hiyo, vinakula makaa kutoka majini. Ukianzia Limehouse unaona kwanza bandari, kisha maghala, kisha matangi ya gesi, kisha reli, mwisho nyumba nyeupe za matajiri. Ukianzia kwenye nyumba nyeupe, unafika bandarini umechoka, unakunywa soda, unapanda treni.

Kwa hiyo shuka stesheni ya Limehouse. Kabla hujashuka kwenye ngazi, ujue umesimama kwenye njia ya London and Blackwall Railway ya 1840. Matao yake ya matofali yanapita kando ya bwawa na treni za DLR (reli nyepesi ya mashariki mwa London) bado zinayakanyaga. Karibu nayo kuna mnara wa matofali wenye pembe nane. Si wa kanisa. Ndani yake kulikuwa na uzito mkubwa ulioinuliwa kwa maji. Uzito huo ukishuka unasukuma maji ya shinikizo kwenye mabomba, na hayo yakaendesha kreni za bandari. Ni betri ya enzi za maji, ya 1869.

Bwawa lilifungwa kwa meli za mizigo 1969. Mfereji wa Limehouse Cut, mkongwe zaidi, wa 1770, uliunganishwa nalo 1968. Angalia njia panda: ukijikuta kwenye mfereji mnyooka kama rula usio na loki, umeshika Limehouse Cut, rudi. Regent's Canal unaanza na Commercial Road Lock, mara tu baada ya bwawa, chini ya matao.

Kutoka hapo unapanda: Salmon Lane, Johnson's, Mile End, Old Ford. Kati ya Johnson's na Mile End, Copperfield Road, maghala matatu ya mfereji ndiyo yaliyogeuzwa shule ya watoto maskini na mfadhili Thomas Barnardo mwaka 1877. Juu ukutani milango ya kupakulia mzigo bado inafunguka hewani, hakuna ngazi. Kabla tu ya Old Ford, kulia, unachepuka mfereji mwingine, Hertford Union wa 1830, wenye loki tatu, wa kwenda mto Lea. Usiufuate.

#9 Kambangumu

@BintiGati dada, umenishinda kwa hoja ya mzigo. Utetezi wangu ni mmoja: anayeshuka na maji anaona kila loki kutoka upande wa juu, na Fundi ameeleza kuwa hatari ya kizingiti iko huko. Lakini kwa mtu wa siku moja, anzia Limehouse, nakubali.

Nyongeza juu ya farasi. Kwa nini wote hawa walihangaika na mfereji? Farasi mmoja kwenye barabara ya kokoto anavuta tani 2, kwenye reli tani 8, kwenye maji ya mfereji tani 50, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Matrekta yaliletwa 1953, na farasi wa mwisho wa biashara alivuta 1956. Kwa hiyo zile alama si za kale sana, kuna wazee wa mtaa walioziona zikichimbwa.

#10 Upondo

Islington hamjaieleza. Pale ndipo wageni hupotea.

Handaki la Islington lina mita 878, halina njia ya miguu, na limenyooka kiasi kwamba ukiinama mdomoni unaona nuru upande wa pili. Farasi walifunguliwa, wakapandishwa kilima, wakashuka upande mwingine kungoja. Wewe fuata farasi. Ukitokea magharibi, toka majini Muriel Street, panda, pita Chapel Market, vuka Upper Street karibu na stesheni ya Angel, shuka Duncan Street, mbele yako kuna njia ya kuteremkia mfereji tena. Dakika 15, soko likijaa 20. Ukitokea mashariki ni kinyume chake.

Na tishari lilipitaje bila farasi? Msifikirie upondo kama vijito vya Lamu. Watu wawili walilala chali juu ya ubao uliolazwa kwenye omo, vichwa vikigusana, miguu kwenye kuta, wakatembea ukutani. Anayeteleza anaanguka kati ya ukuta na chombo. Kazi ilikuwa ya polepole mno na foleni ikawa ndefu, kwa hiyo 1826 wakaweka mashua ya mvuke iliyojivuta kwa mnyororo uliolazwa chini ya maji, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Foleni ikapungua. Moshi ndani ya handaki, hilo lilikuwa shauri lingine. Mashine hiyo ilifanya kazi hadi miaka ya 1930.

Upande wa magharibi wa handaki, kidimbwi cha Battlebridge, ndipo lilipo jumba la makumbusho la mifereji, New Wharf Road. Jengo lilikuwa ghala la barafu la Carlo Gatti, Mswisi aliyeuza aiskrimu. Barafu ilikatwa Norway, ikaja kwa meli hadi Limehouse, ikapanda kwa tishari, ikatupwa kwenye visima viwili vya matofali, kila kimoja upana wa mita 10 hivi. Barafu hailindwi na ubaridi wa kisima, inalindwa na wingi wake: rundo kubwa lina ngozi ndogo ukilinganisha na mwili, linayeyuka kidogo kidogo kutoka nje, na maji yakitolewa chini linadumu miezi. Kisima kimoja unaweza kukichungulia kutoka juu ndani ya makumbusho.

#11 Mama_Njiti

Nauliza ya kawaida: viatu, muda, usalama, watoto?

#12 BintiGati

@Mama_Njiti, kwa mpangilio wa umuhimu.

Baiskeli. Chini ya madaraja njia inakuwa nyembamba na imepinda, hamuonani. Ukisikia kengele usirukie upande wa maji, simama palepale ubanane na ukuta. Asubuhi na jioni za siku za kazi njia inajaa wanaowahi ofisini. Nenda Jumapili mapema.

Hakuna reli ya kujizuia karibu njia nzima. Mtoto mdogo ashikwe mkono upande wa ukuta. Maji ya mfereji si marefu sana, ila kwenye loki kuta ni wima na zinateleza, na maji ya kilango yanavuta. Kwenye loki mtoto ashikwe hata kama amekua.

Muda: kilomita 13.8, saa 3 bila kusimama, saa 5 kama utasoma alama zinazotajwa humu. Ukichoka toka Mile End, Haggerston, Angel, King's Cross au Camden Town, zote zina treni karibu. Viatu vya kawaida vyenye soli yenye meno. Mawe ya mviringo kwenye nundu za madaraja yakilowa ni sabuni.

Usioshe kidonda wala kunawa uso kwa maji yale. Panya wapo, na mkojo wao huleta leptospirosisi. Nawa kabla ya kula.

Kati ya Novemba na Machi hufanyika matengenezo, sehemu hufungwa au hukaushwa. Canal and River Trust, waliochukua usimamizi 2012, hutangaza kufungwa huko mapema. Kwa mpenzi wa alama, sehemu iliyokaushwa ndiyo bahati: unaona kizingiti kilivyo.

#13 Relini

Moja linalopitwa na wote: kati ya St John's Wood na City Road, vile vibamba vya saruji mnavyokanyaga vimefunika nyaya za umeme za kilovolti 400, zilizowekwa mwaka 1979. Nyaya zinapata joto, na maji ya mfereji husukumwa kuzipoza. Kwa hiyo mfereji bado unabeba nishati ya jiji, umebadilisha makaa tu.

#14 Mchele_Mmoja

Hiyo ya umeme sikuitegemea. La mwisho wakuu: nimesoma mahali kuna miteremko ya kuokolea farasi. Nitaitambuaje?

#15 Kambangumu

Karibu na reli, kwa sababu treni ziliwashtua farasi wakaruka majini. Ukuta ni wima, farasi hawezi kupanda, akabaki anaogelea hadi anachoka. Kwa hiyo tembea ukitazama mstari wa mawe ya ukingo, usitazame maji. Mahali mstari unaporudi nyuma ghafla kuelekea njiani, kama upana wa farasi mmoja, na ndani ya pengo kuna sakafu ya mawe inayozama majini sambamba na njia, ndipo. Anza kutafuta kati ya Camden na St Pancras. Mara nyingi utakuta bata wamelala juu yake, kwa sababu ndiyo sehemu pekee wanayoweza kutoka majini kwa miguu.